Nimepewa dakika kumi za kuzungumzia baridi yabisi mbele ya kikoba. Nianzie wapi?

Fundi wa Soni ameuliza:

Habari za jioni wapendwa. Naomba maneno kwenu, na naomba mnivumilie mpaka mwisho kwa sababu jambo lenyewe lina mzunguko.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Soni, njia ya kupanda Lushoto. Tarehe 12 Oktoba kikoba chetu kinakutana, na mwenyekiti amenipa dakika kumi nizungumze juu ya ugonjwa wangu. Niliziomba mwenyewe. Nilisikia redioni kwamba tarehe hiyo ni Siku ya Magonjwa ya Viungo Duniani na kwamba inaadhimishwa tangu 1996. Nikahesabu: mwaka ule nilikuwa darasa la tatu. Siku hiyo ipo miaka yote, nami nikaja kuugua 2017 sijawahi kusikia hata mara moja kwamba mtu wa miaka thelathini anaweza kuumwa viungo.

Wanachama tupo thelathini na wawili, wanawake watupu. Wengi wanalima kabichi na karoti, wengine wanauza mapeasi kwa abiria wa mabasi. Wote wanaijua baridi yabisi kwa jina, na hapo ndipo penye shida yangu. Huku milimani baridi ipo kweli. Juni na Julai ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Ukimwambia mtu "nina baridi yabisi" anakujibu, "Pole, hata mimi baridi ya mwaka huu imenipiga." Anakushauri uvae soksi, unywe tangawizi, usioshe vyombo kwa maji ya baridi. Anakutakia mema kabisa. Lakini mimi naamini jina hilo limechangia kunipotezea vidole viwili, na nitaeleza kwa nini.

Ilianza Machi 2017. Nilikuwa na oda ya harusi, vitenge vya watu kumi na wanne. Asubuhi moja nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Macho yalikuwa mazima, ila kidole gumba na cha shahada vilikataa kukutana. Kufika saa tano vikalegea, nikashona mpaka jioni, nikasahau. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili ukafuata mkono wa kushoto, vifundo vile vile, kama mtu amepima kwa futi. Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri ili mikono iwe imelainika kabla ya kumvalisha mwanangu, maana vifungo vya shati lake vilikuwa vinanishinda. Alikuwa na miaka mitano. Akajifunza kufunga vifungo vyake mwenyewe, baadaye akawa ananifunga na vyangu.

Kila mtu alisema ni baridi, nami nikasema ni baridi. Nilinunua sweta. Nikanunua diklofenaki duka la dawa, vidonge kumi, kisha kumi tena, mpaka tumbo likaanza kuniwaka usiku. Kituo kimoja nilitibiwa taifodi. Kingine walinipima damu, wakasema ni asidi ya yuriki, niache nyama, dagaa na maharage. Miezi mitano sikugusa maharage, mimi ambaye nyama nyumbani kwangu inaonekana sikukuu. Vidole vikaendelea kuvimba.

Halafu yakaja ya nyumbani. Ikasemwa nimetupiwa kitu, na aliyetajwa ni wifi yangu kwa sababu tuliwahi kugombana kuhusu kiwanja. Nikachanjwa chale juu ya kila kifundo, makovu yapo hadi leo. Na wifi yangu hatukusalimiana mwaka mzima na zaidi. Hilo linaniuma kuliko chale. Yeye ndiye anayenikamulia nguo siku hizi.

Mwaka 2018 nikauziwa unga stendi, umefungwa kwenye gazeti. Ndani ya siku mbili nilikuwa mzima. Nasema mzima: nilisonga ugali wa watu wanane! Nilikunywa unga ule miezi minne. Uso ukajaa ukawa duara, wakasema nimenenepa, ndoa imenikubali. Nilipokosa hela ya kuununua, maumivu yalirudi na wenzake. Siku tatu sikunyanyuka kitandani.

Februari 2019 nikafika Moshi, hospitali ya rufaa, kwa nauli ya kuchangiwa. Daktari alikuwa kijana mdogo. Aliniuliza swali ambalo kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza: "Mama, ukiamka asubuhi, inachukua muda gani mpaka mikono ikubali?" Nikamwambia saa mbili, siku nyingine tatu. Akaweka kalamu chini. Akashika kiganja changu akakibana kwa ubavu, polepole, nikapiga kelele. Nikapimwa damu, nikapigwa picha ya mikono yote miwili. Akaniwekea picha mbele ya taa, akanionyesha kingo za mifupa midogo ya vidole zimeliwa, kama pindo la kitambaa kilichotafunwa na nondo. Akaniambia kinga ya mwili wangu, ile inayopaswa kupigana na wadudu, imegeukia utando wa ndani ya viungo na kuushambulia. Akasema kilicholiwa hakirudi, kilichobaki tunaweza kukilinda.

Tangu hapo natumia methotreksati, kila Jumatano, mara moja tu kwa wiki. Nashona. Vidole viwili vya kulia vimelala upande wa kidole cha mwisho na havinyooki, lakini nashona.

Sasa swali. Nina dakika kumi. Kati ya wale thelathini na wawili huenda yupo mmoja ambaye vidole vyake vimeanza asubuhi hii. Nataka huyo aende hospitali ndani ya miezi mitatu, asingoje miaka miwili kama mimi. Nianze na nini? Nilitumie jina hili la baridi au nilitupe? Na niwaambie wazi kwamba haina tiba, au nikisema hivyo nitawarudisha wote kwa muuza unga?

---

Babu wa Wete amejibu:

Binti yangu, pole sana, na hongera kwa kuziomba hizo dakika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Pemba. Nakushauri jina usilitupe, kwa sababu watu wameshalishika. Lifungue. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akitibu kwa miti, na wazee wale walikuwa na mizani yao ya mwili: hari, baridi, yabisi na rutuba. Mtu alihesabiwa mzima pale vinne hivi vilipolingana. Kwao baridi ilikuwa tabia ya ndani ya mwili, si upepo wa nje tu. Na yabisi ni ukavu, ugumu, kama udongo uliokosa maji. Kwa hiyo mtu wa zamani aliposema baridi yabisi alikuwa anasema mwili umepoteza mizani ndani na viungo vimekauka. Elimu ile imepotea, limebaki neno "baridi" peke yake, na kila mmoja anasikia hali ya hewa.

Ukisimama, waulize: "Yabisi maana yake nini?" Wengi hawatajua. Hapo utakuwa umewashika. Waambie neno la kwanza waliache, washike la pili: kiungo kinachokuwa kigumu asubuhi.

Na mfano mdogo wa kuwaonyesha: huku kwetu pwani tunatoka jasho mwaka mzima, na wagonjwa wa viungo wapo. Kama ingekuwa baridi ya nje, Pemba tungesalimika.

Nyongeza moja, usiwasahau wazee wenzangu. Mke wangu yeye ni magoti. Yale ni mengine, gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limelika kwa miaka, na asubuhi humshika dakika chache tu kisha hutembea; maumivu yanamzidi jioni baada ya kazi. Tuliambiwa "uzee, vumilieni". Tukavumilia miaka sita. Alipofika kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo alifundishwa kuimarisha misuli ya mapaja: kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu, kuushikilia, kuushusha, kila siku. Akapunguza na uzito. Sasa anakwenda sokoni kwa miguu. Anasali juu ya kiti, hilo halijabadilika. Lakini miaka ile sita tuliitupa kwa neno moja, "uzee".

---

Tabibu wa Zahanati amejibu:

Dada, nimekusoma mara mbili. Mimi ni afisa tabibu, nipo mkoa wa Dodoma, na inabidi niseme ukweli: wagonjwa kama wewe nimewaandikia diklofenaki na kuwaambia warudi wakizidiwa. Zahanati asubuhi ina watu sitini, watoto wenye homa, wajawazito. Mama anayesema "mikono inauma" anapewa dakika mbili. Nilibadilika baada ya mama mmoja kurudi akiwa hawezi kushika kikombe, nikaangalia kadi yake nikaona mwandiko wangu mara tisa.

Kwa hiyo usiwape majina mengi. Wape maswali ambayo hata wewe ulikuwa unasubiri kuulizwa. Asubuhi viungo vinakakamaa zaidi ya nusu saa? Vimevimba, ukigusa vinabonyea na vina joto? Ni pande zote mbili? Imeshapita wiki sita? Mtu mwenye majibu ya ndiyo aende hospitali yenye daktari na maabara, akaseme maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. "Mwili unauma" inamfanya mtabibu afikirie malaria. "Vidole vyangu vimevimba miezi miwili na asubuhi havikunjiki kwa saa nzima" inamfanya asimame.

Na wajue kutofautisha kukakamaa na ganzi. Wengi husema ganzi kwa vyote viwili. Ganzi ni kutohisi au kuchomwachomwa kama sindano, hiyo mara nyingi ni habari ya mishipa ya fahamu. Kukakamaa ni kiungo kukataa kukunjika.

Kuhusu vipimo: asidi ya yuriki kuwa juu kidogo peke yake haimfanyi mtu kuwa na jongo, yaani ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo, wapo wengi wanayo juu na hawaumwi. Vile vile kile kipimo cha damu cha baridi yabisi kinaweza kusoma hasi na ugonjwa ukawepo. Mikono ya mgonjwa ichunguzwe kwanza, karatasi ifuate.

Kuhusu unga wa stendi naomba ulisemee sana. Unaoponya maumivu ya viungo ndani ya siku mbili na kujaza uso, uwezekano mkubwa umechanganywa na steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni. Ni dawa za kweli, sisi wenyewe tunazitumia kwa kipimo na kwa muda. Zikitumiwa kiholela kwa miezi zinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa, na zinailaza tezi inayotengeneza homoni kama hizo mwilini. Ndiyo maana ulipokatisha ghafla ulianguka. Kwa hiyo usiwaambie "acheni leo". Waambie anayeutumia kwa muda mrefu aende hospitali na ule unga mkononi, apunguziwe kwa mpango. Ukikatishwa ghafla unaweza kuua.

Na methotreksati, tafadhali, ile Jumatano yako itangaze kwa sauti. Nimeona mgonjwa aliyeimeza kila siku kwa sababu vidonge vingine vyote alivyowahi kupewa ni vya kila siku. Akaja mdomo wote vidonda, damu imeshuka. Ni mara moja kwa wiki, siku inayotajwa kwa jina, na asidi ya foliki kama alivyopangiwa, na kupimwa damu na ini kila anapoambiwa. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwambie daktari kabla, kwa sababu dawa hiyo inadhuru kichanga tumboni. Zipo nyingine zinazoweza kutumika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.71 wana matatizo ya mifupa, viungo na misuli ya namna mbalimbali. Waliokuwa na baridi yabisi yenyewe mwaka 2019 walikadiriwa milioni 18, na katika kila kumi, saba ni wanawake. Kikobani sidhani kama utazihitaji namba hizi. Nakuwekea ikiwa mwenyekiti wa kijiji atauliza kwa nini mnapoteza muda na ugonjwa wa wazee.

---

Mwana Newala amejibu:

Kwenye hilo la jina nina neno, kwa sababu sisi Wamakonde tuliipa dunia jina la ugonjwa wa viungo. Mwaka 1952 mpaka 1953 kwenye uwanda wetu wa Makonde kulikuwa na mlipuko wa homa iliyowakunja watu. Wakaiita chikungunya, yaani kile kinachokunja. Madaktari walipokuja kuchunguza waliandika hilo hilo, na leo kuanzia India mpaka Brazil wanaita chikungunya.

Angalia wazee wetu walivyofanya. Waliita kwa umbo la mgonjwa, mtu anaona mwenzake amekunjamana anajua. Hakuna aliyetaja mvua wala baridi. Dada, hata wewe ungewaambia tu: "ugonjwa wa ngumi isiyofungika asubuhi". Mimi ningekuelewa.

Na mkumbushe mtu kwamba chikungunya nayo huletwa na mbu, huanza na homa kali, na maumivu ya viungo kwa wengine hukaa miezi. Mama yangu mdogo alikaa nayo karibu mwaka. Kwa hiyo aliyepata homa kisha viungo vikabaki, akimwona daktari amweleze na ile homa.

---

Dereva wa Mikoani amejibu:

Mimi langu ni jongo, la kweli, limethibitishwa. Kidole gumba cha mguu, saa nane usiku, nipo nyumba ya wageni Singida, shuka likigusa kidole nataka kulia. Kiungo kimoja, ghafla, chekundu, moto. Baada ya siku saba kimetulia kama hakikuwahi kuwepo.

Nakuandikia kwa sababu mimi nilipata kinyume chako, dada. Nilipoambiwa ni jongo watu walicheka wakasema ni ugonjwa wa wenye pesa, nyama choma na bia. Aibu ile ikanifanya nisirudi kliniki. Figo zangu zimeguswa, nimekuja kujua baadaye. Ukisimama mbele ya watu usiruhusu mtu acheke, hata kidogo. Anayechekwa hujificha.

---

Baba Mwanaidi amejibu:

Salaam kutoka Kilifi. Mie naomba dakika moja katika zile kumi uwape watoto.

Binti yangu alianza na goti akiwa na miaka mitatu na nusu. Hakusema linauma. Mtoto hasemi linauma. Aliacha kukimbia tu, asubuhi akitaka abebwe kwenda msalani, kufikia saa sita anacheza. Sisi twasema anadeka kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mamangu akamkanda kwa mafuta ya nazi. Alipoanza shule mwalimu akamwona mvivu, akiambiwa asimame anachelewa. Nami niliwahi kumgombeza. Nalibeba hilo.

Daktari wa watoto ndiye aliyetwambia kuna ugonjwa wa viungo wa watoto, na kwamba hata macho yake yapimwe mara kwa mara kwa sababu uvimbe waweza kuingia ndani ya jicho bila jicho kuwa jekundu. Nilishtuka sana. Goti na jicho, nani angejua?

Yuko darasa la tatu sasa. Anatumia dawa, anakimbia, anaanguka, anapigana na wenzake. Waambie akina mama: mtoto anayechechemea asubuhi na kuchangamka mchana si mvivu wala hadeki.

---

Tabibu wa Zahanati ameongeza:

Baba Mwanaidi amenikumbusha. Kwa mtoto mchanga anayevimba viganja na nyayo na kulia akiguswa, huku kwetu tufikirie selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mapema. Na mtoto au mtu mzima ambaye kiungo kimoja kimevimba ghafla kikiwa na homa kali, hiyo si ya kungoja wiki sita, aende siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache.

---

Mama Kabichi amejibu:

Mimi sikubaliani na kusema haina tiba. Nina ndugu yangu aliambiwa hivyo mlangoni tu, daktari hata hajakaa, akatoka akaenda moja kwa moja kwa mganga. Mtu mwenye watoto ukimwambia haina tiba unamwambia akatafute mwingine mwenye tiba. Wengi wapo, na mabango yao yapo kwenye kila nguzo ya umeme. Ficha hilo neno mpaka mwisho.

---

Fundi wa Soni amejibu:

Shikamoo babu, na asanteni wote. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Kuandika kwa simu kunanichukua muda, mtanisamehe kuchelewa.

Mama Kabichi, nimelifikiria neno lako usiku kucha na sitalificha. Nilidanganywa na kila mtu aliyesema atanimaliza ugonjwa: wa chale, wa unga, hata wa maharage. Yule kijana wa Moshi ndiye wa kwanza kuniambia hauishi, na ndiye wa kwanza niliyemwamini. Ila umenifundisha pa kuliweka. Nitaanza na kazi. Nitakwenda na gauni nililoshona wiki hiyo, lenye vifungo kumi na viwili na matundu yake ya mkono, nilizungushe wote walishike. Wakishaliona nitawaonyesha vidole. Ndipo niseme: huu ugonjwa hauondoki, unatulizwa, na gauni hilo limeshonwa nao ukiwa umetulia. Kuna wenye sukari na presha mle kikobani, hao wanajua kuishi na dawa. Nitasema ni kama wao.

Dada wa Newala, ile ngumi nimeichukua. Wakikaa tu, kabla sijajitambulisha, nitawaomba wote wafunge ngumi na kuifungua. Kisha niulize: "Nani leo alipoamka hakuweza hivi?" Babu, kwenye yabisi nitafanya kama ulivyoniambia, na Pemba nitaitaja.

Maswali ya tabibu nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye karatasi za patani, zile za kukatia nguo, herufi kubwa. Moja nitaibandika kwenye duka la dawa, mwenye duka amekubali. Nilimweleza kwamba mimi nilipita kwenye maduka kama lake mara ishirini na kitu kabla ya kupita kwa daktari. Hakukasirika. Akaniuliza amwambie nini mtu anayekuja kununua diklofenaki mara ya tatu. Nikamwambia amuulize ya asubuhi.

Wifi yangu atakuja. Si mwanachama, lakini nimemwomba akae mbele, na ile habari ya kutupiwa kitu nitaisema akiwepo, kwa jina langu na si lake. Amekubali. Aliniuliza tu kama nitalia. Sijui.

Na jambo lililonifanya niandike usiku huu badala ya kesho. Jana kuna mama anayeuza kabichi jirani na kibanda changu, mwenye kama miaka arobaini, alikuja kupunguza kiuno cha sketi. Nilipomwambia anipe kipimo aliniwekea mkono mezani, nikaona. Vifundo vya vidole vya kati vimejaa pande zote mbili, ngozi imevutika inang'aa. Nikamuuliza ya asubuhi. Akasema tangu Agosti, na kwamba mumewe amemnunulia glavu za sufu.

Sikungoja tarehe 12. Nilifunga kibanda, tukakaa kwenye benchi, nikamweleza yote, na nikamwomba akunje ngumi. Haikufungika. Alhamisi tunapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, mimi na yeye. Karatasi moja ya patani ameikunja ameiweka kwenye pindo la kanga.